Eabegi ya usukani imefyatuka nikiwa getini kwangu bila kugonga kitu: chanzo kinaweza kuwa nini?

Mama wa Njiro aliandika:

Wanajamvi, heshima kwenu, na kwa walionizidi umri, shikamooni.

Jumamosi iliyopita, kama saa 12 jioni, nilikuwa narudi nyumbani Njiro, hapa Arusha, nikitokea soko la Kilombero, nikiwa peke yangu ndani ya gari. Nilipofika nilikata kona kuingia getini, gari likitambaa kwa mwendo wa mtu anayetembea, nikabonyeza honi kama nifanyavyo kila siku ili kijana aje kufungua. Honi haikulia. Nikaibonyeza tena kwa nguvu zaidi huku naendelea kuzungusha usukani, na papo hapo ukatokea mlipuko ambao sijawahi kuusikia maishani mwangu, kitu kizito kikanipiga usoni na mikononi, na gari lote likajaa kilichoonekana kama moshi mweupe wenye harufu kali. Nilidhani gari linaungua. Nilitoka mbio nikaliacha linanguruma, na kijana wa getini alinikuta nimekaa chini kwenye vumbi.

Kumbe ni mfuko wa hewa wa usukani, yaani eabegi kama tunavyoizoea, uliofyatuka. Ule wa abiria haukutoka. Hakuna alama yoyote kwenye bampa, hakuna jiwe, hakuna tuta pale getini. Mimi nimepata mchubuko wa kuungua mkono wa kushoto, kidole gumba kimevimba kwa sababu kilikuwa juu ya kitufe cha honi, na masikio yalivuma kwa siku mbili. Hospitali walinisafisha macho, wakasema nitapona.

Gari ni dogo, la Kijapani, la mwaka 2006, nililinunua Dar es Salaam kwa mtu aliyelitumia miaka mitatu. Niseme pia, ili nisifiche kitu, kwamba taa ya SRS (ile ya kuonya hitilafu ya eabegi) kwenye dashibodi imekuwa ikiwaka na kuzima kwa muda wa miezi minne hivi, hasa ninapokata kona kali, na honi nayo ilikuwa inalia inapotaka. Fundi niliyemwendea maeneo ya Kijenge aliniambia taa hiyo haina madhara kwa kuwa gari linatembea vizuri.

Naomba kuelimishwa: inawezekanaje eabegi ifyatuke bila ajali? Na nifanye nini sasa kabla sijampa fundi mwingine hili gari?

Dereva wa Nyanda aliandika:

Pole sana dada yangu. Shukuru Mungu ulikuwa kwenye mwendo mdogo, maana mlipuko wa namna hiyo ukikukuta pale Tengeru malori yakiwa yanakuja mbele, hata ukibaki salama mkono unaweza kuachia usukani.

Mimi nina kisa kinachokaribiana na chako ingawa kwangu hatimaye nilipata maelezo. Ninaendesha watalii, na miaka michache iliyopita, tukiwa kwenye njia ya kutoka Mto wa Mbu kuelekea Ziwa Natron, tairi la mbele lilitumbukia kwenye korongo dogo ambalo mvua ilikuwa imelichimba usiku, na tumbo la gari likapiga jiwe. Eabegi za pazia, zile za juu ya madirisha, zilishuka pande zote mbili. Wageni walipiga kelele, na mimi niliapa kwamba gari limeharibika, kwa sababu hapakuwa na gari jingine wala mti tuliougonga. Baadaye nilipokaa nikasoma kitabu cha gari (ambacho, nakiri, nilikuwa sijakifungua tangu nianze kazi) nikakuta imeandikwa wazi kwamba eabegi zinaweza kufyatuka pale sehemu ya chini ya gari inapopata pigo kubwa, kama vile kugonga ukingo wa barabara, kutumbukia shimoni au kutua kwa kishindo. Sensa, yaani kihisi cha eabegi, haioni kwa macho. Inachopima ni jinsi mwendo wa gari ulivyokatika ghafla, na jiwe la kule Natron liliukata ghafla kweli. Baadhi ya Land Cruiser zina kitufe chenye herufi RSCA cha kuzima sensa ya kupinduka ili eabegi za pazia zisishuke gari linapoinama sana kwenye njia mbaya, na tangu siku ile nikipanda gari geni huwa nakitafuta kwanza.

Ila kwa maelezo yako getini hapakuwa na pigo, kwa hiyo sidhani kisa changu ndicho chako. Nimekiandika kwa ajili ya wengine watakaosoma hapa na kudhani kila eabegi inayotoka bila mgongano ni ubovu.

Kijana wa Sakina aliandika:

Hiyo ni Takata, ile kampuni ya Kijapani ya kutengeneza eabegi, hakuna haja ya kuzunguka. Magari ya Kijapani ya miaka hiyo yote yana eabegi za Takata na zinajilipukia zenyewe. Ng'oa zote, funga kifuniko cha usukani, weka rizista (kijenzi kidogo cha kuzuia umeme) kwenye soketi ili taa izime, endelea na maisha. Mimi nimefanya hivyo na gari linatembea mwaka wa pili.

Mzee wa Karakana, Moshi, aliandika:

Binti yangu, marahaba, na pole kwa maumivu. Nimefanya kazi ya umeme wa magari kwa zaidi ya miaka 30 hapa Majengo na nimestaafu, lakini maneno haya mawili, Takata na rizista, yamenifanya nitafute miwani yangu.

Nianze na Takata, kwa kuwa kijana wangu wa Sakina amechanganya mambo mawili. Kasoro ya Takata ni ya kweli na imeua watu, wakiwemo zaidi ya 20 nchini Marekani pekee, na ndiyo iliyosababisha magari mengi kuliko wakati wowote kuitwa gereji na watengenezaji wake ili yarekebishwe. Kule Marekani peke yake ni mitungi ya gesi, ile inayojaza eabegi, ipatayo milioni 67, na kampuni yenyewe iliomba kufilisika mwaka 2017. Lakini kasoro hiyo haihusu hasa eabegi kujifyatua. Inahusu kile kinachotokea eabegi inapofyatuka. Takata walitumia ammonium nitrate kama kemikali ya kuzalisha gesi, na kemikali hiyo ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu, ikipanda na kushuka joto mchana na usiku, huharibika na kuungua kwa kasi kupita kiasi, hadi mtungi wa chuma unapasuka na kurusha vipande kama bomu. Ndiyo maana Wamarekani walitanguliza majimbo yenye joto na unyevu kama Florida. Gari lililokaa Dar es Salaam au Tanga miaka mingi lina sababu ya kutazamwa kuliko lililokaa Arusha tangu lishuke melini, na lako, binti yangu, lilianzia Dar. Kwa hiyo tazama mfuko uliotoka: kama kitambaa hakina tundu wala mpasuko, na wewe hukupata jeraha la kukatwa na chuma, mtungi wako ulifanya kazi yake sawasawa. Kilichokosewa ni kwamba uliamriwa kufanya kazi siku isiyo yake.

Sasa amri hiyo ilitoka wapi? Ndani ya usukani, nyuma ya eabegi, kuna kiwashio kidogo cha umeme chenye nyaya mbili. Kompyuta ya eabegi, ambayo mara nyingi hukaa katikati ya gari chini ya gia, inapoona pigo la kweli hupeleka umeme kidogo tu, kama ampea moja kwa milisekunde chache, na mfuko hujaa kabla mtu hajapepesa jicho. Kiwashio hakijui kama umeme huo umetoka kwenye kompyuta au umetoka mahali pengine. Ukifika kwa nguvu ya kutosha, kinawaka.

Jambo lililonishtua kwenye maelezo yako ni matatu yanayotembea pamoja: taa inawaka ukikata kona, honi inalia inapotaka, na mlipuko umetokea ukiwa unafanya yote mawili kwa wakati mmoja, unazungusha usukani na unabonyeza honi. Vilevile eabegi ya abiria haikutoka. Kompyuta ingekuwa imedhani kuna ajali ya mbele, kwa kawaida ingefyatua pia vikaza-mkanda, na hukusema kwamba mkanda ulikuvuta. Je, ulikuvuta? Kama haukukuvuta, basi mimi ningeacha kompyuta kwanza, nikatazama njia ya waya kati ya usukani na nguzo yake. Pale kuna kebo bapa iliyosokotwa kama utepe ndani ya kibweta cha duara, mafundi huiita klokispringi, ambayo hujikunja na kujikunjua kila usukani unapozungushwa. Inabeba waya wa eabegi na waya wa honi bega kwa bega. Ikichakaa, au mtu akiifungua na kuirudisha bila kuiweka katikati, hukatika au nyaya zake hugusana.

Na si jambo la kubuni. Mwaka 2011 Ford waliita gereji pikapu za F-150 za miaka ya 2004 hadi 2006, takriban milioni 1.2, kwa sababu waya wa eabegi ndani ya usukani ulikuwa unaweza kuchubuka na kufyatua mfuko wa dereva bila ajali. Kompyuta nazo hukosea: Januari 2013 Toyota waliita Corolla za miaka ya 2003 na 2004 zaidi ya 700,000 kwa sababu kijenzi kidogo ndani ya kompyuta ya eabegi kingeweza kuharibiwa na msukosuko wa umeme wa gari lenyewe. Sisemi lako ni mojawapo. Nasema yote mawili yamewahi kutokea kwa watu ambao hawakugonga kitu.

Kuhusu kuanza matengenezo, usiruhusu fundi yeyote aguse soketi za njano (nyaya za eabegi hupewa soketi za njano ili zitambulike) kabla hajatoa kichwa cha hasi cha betri na kusubiri angalau sekunde 90, kwa sababu kompyuta hiyo huhifadhi umeme wa akiba wa kufyatua eabegi hata betri ikikatika kwenye ajali. Ukimwona anachukua mita ya kupimia waya na kuiingiza moja kwa moja kwenye eabegi ya abiria ili aone kama ni nzima, mwambie aache, kwa kuwa umeme mdogo wa mita nao ni umeme. Kwanza apime kwa mashine akusomee kodi, yaani namba za hitilafu, zilizohifadhiwa kwenye kompyuta, aziandike au azipige picha, wala asizifute. Hizo kodi ndizo ushahidi wako. Na usukani uliofunguliwa ubaki jinsi ulivyo, usitupe kitu.

Rizista naiweka mwisho kwa makusudi. Inaidanganya kompyuta kwamba eabegi ipo, taa inazima, na mnunuzi wa gari lako kesho atamketisha mkewe mbele akiamini kuna kinga ambayo haipo. Kijana wangu, hilo si suluhisho la umeme.

Kijana wa Sakina aliandika:

Shikamoo mzee. Kuhusu Takata nimekuelewa, nilikuwa najua nusu. Lakini kwenye kuondoa nabaki na msimamo wangu kwa upande mmoja: eabegi mpya inafika bei ambayo kwa gari la mwaka 2006 haina maana, na ya mtumba kutoka kwenye gari lililokatwa huwezi kujua historia yake. Sasa mtu wa kawaida afanye nini?

Mzee wa Karakana, Moshi, aliandika:

Marahaba. Hoja ya bei ni ya haki, na sitakudanganya kwamba ni rahisi. Mwenye gari akiamua kuendesha bila eabegi ni uamuzi wake, lakini aache taa iwake na amwambie kila anayepanda, ajue pia kwamba taa ikiwaka huenda mfumo mzima, pamoja na eabegi nyingine zilizo nzima, usifanye kazi. Kuhusu ya mtumba, kwanza ipatikane namba ya kipuri inayolingana na mwaka na aina ya gari. Halafu, kwa kuwa ni mtambo wenye kemikali ndani yake, namba ya chesisi ya gari ilimotoka ikaguliwe kwenye tovuti ya mtengenezaji ya Japani, ambako kuna ukurasa wa kutafuta kama gari liliitwa gereji na kama lilirekebishwa. Ukurasa ni wa Kijapani lakini simu za siku hizi zinatafsiri. Muuzaji asiyetaka kukuonyesha gari ilimotoka, muache na mzigo wake.

Karani wa Bima, Moshi, aliandika:

Pole mama. Naongeza upande wa fedha tu. Kama una bima ndogo ya kulinda wengine, hakuna cha kudai kwa gari lako. Kama una bima kubwa, toa taarifa kwa maandishi mapema, kabla ya matengenezo yoyote, ukiambatanisha picha za ndani na za bampa. Nakutahadharisha kwamba mikataba mingi ya bima kubwa hutenga hitilafu za mitambo na za umeme, na mkaguzi anaweza kuegemea kifungu hicho, kwa hiyo omba akuandikie sababu ya kukataa badala ya kukujibu kwa simu. Usiporidhika, Msuluhishi wa Migogoro ya Bima hupokea malalamiko ya wateja, na karatasi hiyo ya kukataliwa ndiyo atakayoiuliza kwanza. Ripoti ya fundi itakayoeleza chanzo ina uzito kuliko maelezo yako mwenyewe, jambo linalowauma wateja wengi lakini ndivyo lilivyo.

Mama wa Njiro aliandika:

Nawashukuru wote. Nilikaa kimya siku tisa kwa sababu sikutaka kurudi na nusu ya jibu.

Mzee wangu, mkanda haukunivuta hata kidogo. Nililivuta gari hadi kwa fundi wa umeme aliyesomea kazi hiyo, aliye maeneo ya Unga Limited, nikamsomea maneno yako neno kwa neno kutoka kwenye simu. Alicheka kidogo pale kwenye mita, akasema kuna vijana wake wawili anaotaka wasome. Alitoa betri, tukanywa chai, ndipo akafungua.

Kodi zilizokuwa kwenye kompyuta zilihusu saketi ya eabegi ya dereva, na hapakuwa na rekodi ya ajali. Lakini kilichotushangaza kilikuwa ndani ya nguzo ya usukani. Mtu fulani, kabla sijalinunua gari au baada ya hapo, sina njia ya kujua, aliwahi kutengeneza honi kwa kuiruka relei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme. Badala ya kitufe cha honi kuiamuru relei kwa umeme kidogo, alivuta waya wenye umeme kamili wa betri hadi kwenye usukani, akaupitisha kando ya klokispringi na kuufunga kwa selotepu. Kila nilipokata kona waya huo ulikuwa ukisuguana na waya wa eabegi. Waya mmoja wa eabegi ulikuwa umechubuka mpaka shaba inaonekana na unagusa chuma cha usukani, na fundi anasema hiyo ndiyo iliyokuwa inawasha taa miezi yote minne. Waya wa pili ulichubuka baadaye, na siku ile nilipobonyeza honi kwa nguvu huku nazungusha, umeme wa honi ukaingia upande mmoja na kutokea upande wa pili. Alinichorea kwenye karatasi ya boksi, nikaelewa: hitilafu ya kwanza iliwasha taa, ya pili ikafyatua mfuko. Mfuko wenyewe hauna tundu, na jina lililo kwenye mtungi si la Takata.

Bima wamepokea ripoti yake na wamekataa, kwa kifungu kilekile alichokitaja karani. Nimewaomba waandike, wameandika, na barua naipeleka kwa Msuluhishi wiki ijayo. Sina matumaini makubwa.

Kwa sasa klokispringi mpya imefungwa, relei ya honi imerudishwa, na nyaya zimevishwa upya. Eabegi ya dereva bado natafuta. Kuna moja imeonekana Moshi lakini muuzaji anasita kunionyesha gari ilimotoka. Taa ya SRS inawaka, nimeiacha iwake, na watoto wanakaa nyuma.

Mzee wa Karakana, Moshi, aliandika:

Hongera kwa kusubiri chai iishe kabla ya kufungua. Mwambie fundi wako aitazame pia soketi ya njano chini ya kiti cha dereva, kwa kuwa gari lililokaa pwani hupata kutu pale, na kutu nayo huwasha taa hiyohiyo. Kuhusu huyo muuzaji wa Moshi, nitumie ujumbe wa faragha unitajie mtaa. Kama ni ninayemdhani, nitapita kwake kwa miguu kesho asubuhi niulize hilo gari mwenyewe.

Mama wa Njiro aliandika:

Nimeshakutumia, mzee wangu. Asante sana. Honi sasa inalia vizuri kuliko siku niliyolinunua gari, ila nikifika getini bado nampigia kijana simu.